Utabiri ulisema asilimia 45, mimi nikatangaza kitu kingine: watangazaji wa kujitolea mnawafundishaje?

DadaMaiki, Kisauni:

Hamjambo wana jukwaa. Zimebaki wiki 3 nisimame mbele ya watu 9 niwafundishe, na mpaka sasa sijui nitaanzia wapi.

Mimi ni mratibu wa vipindi kwenye redio ndogo ya jamii huku Kisauni. Studio yetu ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukutani tumegandisha trei za mayai kuzuia mwangwi, na ukiwa hewani alasiri wamsikia fundi wa chini akikata mabati. Watangazaji wote ni wa kujitolea: wawili waendesha tuktuk, mmoja mwalimu wa madrasa, mmoja jioni yuko kwenye karai lake la viazi, waliobaki ni vijana waliomaliza shule na kazi hawajapata. Sauti wanazo, na mtaa wawapenda. Aliyesomea uandishi wa habari hakuna, na mimi mwenyewe niliingia redioni kwa mlango wa salamu na nyimbo za kuombwa.

Sasa niwape aibu yangu, maana swali langu limetoka hapo.

Msimu mmoja wa vuli tuliletewa muhtasari wa utabiri. Niliupata dakika 10 kabla ya kipindi. Ulisema ukanda wa Pwani una uwezekano wa asilimia 45 wa mvua kuwa juu ya wastani. Nikafungua maiki na kusema, kwa sauti ile ya uhakika tunayojivunia: "Wasikilizaji, vuli mwaka huu mvua itaongezeka kwa asilimia 45, jitayarisheni." Nikaweka taarab, nikaenda kunywa chai.

Jirani yangu muuza makaa alinisikia. Akakopa kwenye chama, akanunua turubai 2 na mbao, akainua magunia yake 30 juu ya vichanja. Vuli ile ikaja manyunyu, leo yanyesha, wiki nzima jua. Mama wa watu alilipa deni lile miezi 4. Hakunigombeza. Angenigombeza ningelala vizuri zaidi. Tulipokutana kwenye foleni ya maji alisema tu, "Mwanangu, nyinyi mwasoma mlivyopewa." Na mimi sikuwa nimesoma nilivyopewa.

Kilichonitisha kilikuja baadaye. Vuli ya 2023, ile ya El Niño, onyo la mvua kubwa lilipotoka safari hii nilimpigia mtaalamu kwanza, nikalieleza taratibu, nikalirudia asubuhi na jioni. Jirani yangu hakuinua hata gunia moja. Novemba maji yalipovamia mitaa yalimkuta na makaa chini, na nilipokwenda kumpa pole nilishindwa hata kukaa.

Haya, sasa swali. Tumepata mtu wa kutugharamia siku 2 za mafunzo ya "kuripoti masuala tata". Ratiba aliyonitumia ina mada 11, kuanzia tabianchi na bajeti ya kaunti mpaka ardhi na chanjo, kila moja dakika 45, kwa projekta. Naijua hiyo. Nimehudhuria semina kama 6 kwenye hoteli za ufuoni: chai ya saa 4, slaidi, picha ya pamoja, cheti, bahasha ya nauli. Madaftari yake ninayo mpaka leo, maandishi mazuri kabisa, na ni mimi huyo huyo niliyesoma 45 vile nilivyosoma. Mngekuwa nyinyi mngewafunza nini, na kwa njia gani?

---

MzeeWaMawimbi, Tudor:

DadaMaiki mwanangu, kwanza futa mada 10. Nasema kweli. Mtu hafunzwi masuala tata kwa dakika 45 kila moja, anaonjeshwa tu, na aliyeonja hujiona ameshiba. Chukua karatasi moja ile ile iliyokuumiza wewe, siku 2 zote ziishie hapo. Mtangazaji akiweza kuivua nguo karatasi moja ya utabiri, ya bajeti ataivua mwenyewe.

Nilikuwa mtayarishaji wa redio miaka 27, na hii ya asilimia imenipita mikononi mara nyingi, kwangu na kwa wengine. Nikueleze ilivyo, halafu nikupe mchezo wa kuwachezesha hao vijana.

Utabiri wa msimu wanaotoa Idara ya Hali ya Hewa umejengwa juu ya mafungu 3. Wanachukua miaka 30 iliyopita, siku hizi ni 1991 hadi 2020, wanaangalia kila vuli ilinyesha kiasi gani. Kisha, kwa hesabu ya haraka haraka, wanaipanga kuanzia iliyokuwa kavu kuliko zote mpaka iliyonyesha kuliko zote na kuikata: miaka 10 mikavu, 10 ya katikati, 10 ya mvua. Kabla mtaalamu hajafungua mdomo, kila fungu lina nafasi ya karibu asilimia 33. Akisema "45 juu ya wastani, 35 wastani, 20 chini ya wastani", maana yake mizani imelalia upande wa mvua. Imelala kidogo. Milimita hajataja kabisa. Na humo humo amekwambia kuna 55 kwamba fungu la mvua halitatokea. Ile vuli yako ya manyunyu ilikuwemo kwenye karatasi tangu siku ya kwanza, ndani ya ile 20.

Mchezo ni huu. Tafuta komwe 20 za bao. Usitumie mbaazi na kunde, vidole vitazijua. Komwe 9 zipake rangi ya kucha nyekundu, 4 nyeupe, 7 ziache zilivyo. Nyekundu ni mvua nyingi, nyeupe ni ukavu. Ndiyo 45, 35, 20 hiyo. Zitie mfukoni, kila mtu achomoe moja akiwa amefumba macho, aseme msimu wake umekuwaje, airudishe. Wacha wachomoe hata mara 30. Kuna mtu atatoa nyeupe, na wenzake watapiga kelele "mtabiri mwongo!" Hapo ndipo usimamishe mchezo. Uliza: mfuko ulidanganya? Utawasikia wakibishana wao kwa wao, na yule wa tuktuk ndiye atakayewaelewesha, naweka dau. Mimi niliucheza na watu wazima waliokuwa na shahada zao, wakanyamaza kama wamemwagiwa maji.

Baada ya mchezo, waandike sentensi ya hewani. Moja tu, na asilimia isiwemo. Yangu ingekuwa hivi: "Dalili za mwaka huu zaegemea upande wa mvua nyingi kuliko kawaida, ila hata vuli kavu yaweza kuja, kwa hivyo usikope kwa ajili ya habari hii, subiri tangazo la wiki." Yule mama hakuhitaji utabiri wa miezi 3. Huo ni wa mtu anayepanga mbegu au anayezibua mitaro mapema. Muuza makaa ni mtu wa tangazo la wiki na la saa 24. Redio nyingi zasoma yote mawili kwa sauti moja, kwenye kipindi kimoja, na msikilizaji hajui lipi la kupanga na lipi la kukimbilia.

Kuna jambo lingine la hapa kwetu. Karatasi za Nairobi huita mvua ndefu "Machi, Aprili, Mei". Mombasa mvua za mwaka kilele chake ni Mei, na Juni bado twalowa. Mtangazaji akisoma vile vile ilivyoandikwa, mwisho wa Mei atawaambia watu msimu umekwisha, na wao wamesimama kwenye maji. Halafu kuna bamvua. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mvua kubwa ikiangukia saa ya maji kujaa, mitaro haina pa kumwaga. Mvua hiyo hiyo kwenye maji mafu, siku ambazo bahari haipandi sana, huondoka kwa saa chache. Hili kwenye karatasi ya utabiri wa msimu hutalipata, lakini kila mzee wa Mji wa Kale alijua kabla redio haijafika mji huu. Wafunze vijana waweke kalenda ya mwezi pembeni ya maiki.

Na huko Kisauni hamko mbali na mtaa wa VOK, jina lililotokana na Voice of Kenya, yaani Sauti ya Kenya, redio ya taifa ya zamani. Mtaa uliobatizwa na redio, halafu redio ije kuwapoteza watu wake kwa sentensi moja? Nakutania. Usijiue.

---

NahodhaMstaafu, Mtongwe:

Mimi si wa redio, ni wa kusikiliza. Nimevua tangu dau ni la tanga hadi la mashine.

Matangazo yenu ya bahari hupenda kusema "upepo unaozidi noti 25". Kijana wangu siku ya kwanza kusikia aliuliza, noti 25 za shilingi ngapi? Twacheka, lakini alikuwa hajui kweli, na aliyekuwa akisoma kwenye redio naye nadhani hakujua. Nilikuja kuambiwa ni kama kilomita 46 kwa saa. Hata hiyo kwangu haina kazi. Sisi upepo twaupima kwa tanga: kuna upepo wa tanga zima, kuna wa kupunguza tanga, kuna wa kulala nyumbani. Niambie ni wa kulala nyumbani, nimekuelewa.

Mei 2024, siku za kimbunga Hidaya, kilitua Tanzania upande wa Mafia lakini huku nako watu tuliambiwa tusitoke. Nilisikiliza vituo viwili. Kimoja kilisoma tangazo lote, kutoka juu mpaka chini, na maneno ya kiofisi yote. Cha pili mtangazaji alikuwa amempata mvuvi mwenzetu, akamuuliza, "Wewe kesho watoka?" Akajibu, "Sitoki, na chombo nimekivuta juu." Basi. Bandari yetu ndogo ilikuwa tupu asubuhi yake.

Wafunze hao vijana wako kuuliza swali hilo: wewe mwenyewe watoka? Mtaalamu naye aulizwe hivyo hivyo. Leo ungekuwa na nyumba kando ya mtaro ungelala humo?

---

BiAfya, Mikindani:

Da Maiki pole, na ahsante kwa kusema ukweli, wengi huficha.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, huwa naalikwa redioni. Nina langu la kusema, kwa sababu naona wote mmeshika namba na namba si tatizo peke yake.

Huku upande wetu kuna kijiji cha Owino Uhuru, kesi yake mwaijua, ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Siku moja tulikuwa studioni na daktari, akasema, "Vipimo vya watoto vilionyesha risasi kwenye damu." Simu ya kwanza iliyoingia ilikuwa ya mama mmoja, sauti yamtetemeka: "Polisi waliwapigia nini watoto wa watu?" Tulicheka. Maiki ilikuwa wazi, kicheko kikaenda hewani. Najuta mpaka leo, maana yule mama alikuwa na haki yote. Kiswahili chetu kimetupa neno moja kwa vitu viwili, na sisi tulio na koti jeupe tumesahau kwamba la mtaani ndilo linalotangulia kichwani.

Siku hizi nasema "madini ya risasi, yale mazito yaliyomo ndani ya betri ya gari", kila mara, hata kama msikilizaji ameshachoka. Nasema yanavyoingia: moshi, vumbi, udongo, mtoto acheza chini kisha atia vidole kinywani. Nasema kwamba mtoto hunyonya mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile alichomeza, na kwamba Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Ile namba ya vipimo, maikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu, naiacha ofisini. Niliwahi kuisema hewani, mtu akapiga simu kuuliza kama mtoto wake mwenye 4 basi hana neno. Ile 5 ni ya kumwambia daktari atafute sumu yatoka wapi na aanze kushughulika. Chini yake si cheti cha uzima.

Na kesi yenyewe ni somo zuri kwa darasa lako. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. 2023 Mahakama ya Rufani ikaupangua uamuzi. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Kila siku kati ya hizo tatu redio zilisema kweli. Lakini kuna mtu aliyesikia ya 2020 peke yake, akaamini majirani zake wamelipwa zamani na wanaficha. Nimekutana naye, tena si mmoja. Kwa hivyo habari ya kesi ndefu wafunze kuianza na tulikotoka, sentensi mbili, kila mara, hata kama mhariri alalamika kwamba yarudiwa.

---

KalamuBaridi, Tononoka:

Nitakuwa mkali kidogo, nisameheni.

Mwazungumza komwe na maneno kana kwamba shida ni akili ya watangazaji. DadaMaiki amesema mwenyewe: karatasi ilifika dakika 10 kabla ya kipindi. Mpe profesa dakika 10, atasoma vile vile. Hao 9 hawalipwi, mmoja aacha karai la viazi ili aje kusoma habari. Ukitaka afuatilie bajeti ya kaunti, ni nani atamlipia asubuhi yake ya kukaa kwenye ukumbi wa bunge la kaunti? Pesa za siku 2 za hoteli zingenunua vocha za simu na nauli za miezi 6. Mwambie mfadhili hivyo, kwa maandishi.

La pili ni swali, na nataka jibu hapa hapa jukwaani: ulisahihisha? Kanuni za maadili za uandishi wa habari zasema habari ikigundulika si sahihi irekebishwe haraka na ipewe uzito unaostahili. Umetueleza makosa sisi, wageni wa mtandaoni. Mtaa wako uliueleza lini?

---

DadaMaiki, Kisauni:

Kalamu, sikusahihisha. Nimekaa na swali lako siku 4 kabla ya kurudi hapa.

Shikamoo Mzee wa Tudor. Komwe nilizipata kwa babu mmoja wa Majengo, akanipa kwa sharti nizirudishe bila rangi, basi nimefunga nyuzi badala ya rangi ya kucha. Kosa. Vidole vyajua nyuzi. Yule wa tuktuk alichomoa nyekundu mara 6 mfululizo na kujitangaza mtabiri wa serikali. Nikanunua komwe zangu. Safari ya pili ilifanya kazi, na aliyewaeleza wenzake hakuwa wa tuktuk, alikuwa wa viazi karai. Alisema, "Ni kama wateja. Ijumaa wengi huja, ndiyo maana nachonga viazi vingi. Lakini kuna Ijumaa nimerudi na ndoo." Nimeiandika ukutani, juu ya trei za mayai.

Mfadhili nimemwandikia. Amekubali mada ziwe 2, hoteli amekataa kuiacha kwa sababu imo kwenye bajeti yake iliyopitishwa, vocha amesema "tutaangalia". Wenye uzoefu na neno hilo mwalijua maana yake.

Bi Afya, tumeanza daftari la maneno ya ndumakuwili. Risasi ndiyo ya kwanza. Ya pili noti, kwa heshima ya Nahodha. Ya tatu kaleta mwalimu wa madrasa: "wastani". Aliwauliza wanafunzi wake wakubwa wastani ni nini, wakamjibu ni kitu kizuri, cha kadiri, kisichozidi. Kwa hivyo ukiwaambia mvua ni ya wastani wao wasikia mvua njema. Na mvua ya wastani ya Mei hapa Mombasa yaweza kukubebea viatu. Bado hatujapata neno mbadala, wenye nalo leteni.

Kuhusu kusahihisha. Jana nilikwenda kwa jirani yangu, nikamwambia nataka kulisema kosa langu hewani, kwa jina langu, na nisimtaje yeye. Akaniuliza kwa nini asitajwe, yeye ndiye aliyelipa. Akaja mwenyewe, kajifunga leso mpya, akapanda zile ngazi za duka la mabati akishika ukuta. Nilisema nilichosema mwaka ule, nikasema karatasi ilisema nini, nikasema tofauti yake. Dakika 3. Sauti iliniishia katikati, mwalimu wa madrasa akanisogezea maji.

Nikamkaribisha yeye. Nilidhani ataongea habari za deni. Akasogeza mdomo mpaka ukagusa maiki, akauliza: "Haya, hiyo mvua mwanangu tumeielewa. Na bamvua ni lini?"

Tulikuwa watu 4 mle studioni. Kalenda ya mwezi nilikuwa bado sijaitundika. Tuliweka wimbo.

Nahodha, kama wapita hapa, nitumie nambari yako kwa ujumbe wa ndani. Kipindi ni Alhamisi saa 10 alasiri, fundi wa mabati nimeshaongea naye.